Mtanie Unayemsoma: Namna ya Kutaniana na Kumpongeza Mwenzako Kundini

Ukiona kundi lenu la vitabu limebaki la kutumiana picha za keki na herufi tatu, HBD, jua kuna kazi imelala. Anayepongezwa anajibu "asanteni sana wapendwa", anaongeza viganja viwili vya shukrani, na siku inapita. Hakuna aliyemtaja kwa jambo lolote alilowahi kusoma au kusema. Ujumbe uleule ungetumwa kwa bosi, kwa mpangaji mwenzako, au kwa mtu mliyekaa kiti kimoja kwenye basi.

Mwongozo huu ni wako wewe unayetaka kumfurahisha msomaji mwenzako siku yake ikifika, na wewe unayependa kumtania ila unaogopa kumuumiza. Nauandika kutoka Kibagabaga, mtaa wa mlimani katika wilaya ya Gasabo hapa Kigali. Baadhi ya wanakundi tunakaa huku. Wengine wako Nyamirambo hapahapa Kigali, Goma, Bujumbura, Mombasa na Dar es Salaam, na mmoja yuko Muscat. Tunasoma kitabu kimoja cha Kiswahili kwa pamoja, na siku zote tunakutana kwenye simu, isipokuwa mara chache tunapopata nafasi ya kukaa meza moja. Vitabu vyenyewe vingi huletwa na jamaa wanaopanda basi Dar na kuvuka mpaka wa Rusumo, kwa hiyo nakala moja hupita mikono mingi kabla ya kurudi kwa mwenyewe, kama inarudi.

Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Kiswahili kikawa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Kundini mwetu wako waliozaliwa na Kiswahili, wako waliokiokota sokoni, na wako waliorudi nacho kutoka Kenya, Tanzania au Kongo. Mtu asiyejiamini katika lugha husoma kila ujumbe wenu na asiandike neno. Atafungua mdomo siku atakapoona mnacheka na mtu, bila kumcheka mtu. Ndiyo maana naupa utani uzito mkubwa.

Msimamo wangu ni kwamba utani mzuri na pongezi nzuri vinatoka chungu kimoja, nacho ni kumsikiliza mwenzako. Kama hujui anasoma nini, anakwama wapi na alimlilia mhusika gani, huna cha kumtania wala cha kumsifia.

Haki ya kutania

Wazee wetu hawakutaniana ovyo. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani. Wapare na Wachagga hali kadhalika. Katika msiba wa asili, mtani huruhusiwa kufanya ambayo mwingine akiyafanya atafukuzwa: humwigiza marehemu anavyotembea, hudai pesa kwa wafiwa, huwachekesha watu machozi yakiwa bado mashavuni. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayeshika jembe na kuchota maji. Hapa Rwanda kuna ubuse, utani wa koo kwa koo. Umuse wako anaweza kukusema mbele za watu na huna ruhusa ya kununa, ila naye ana sehemu yake ya kutimiza katika shughuli za nyumba yenu, za furaha na za msiba.

Kwa hiyo, kabla hujamtania mtu kundini, jiulize umewahi kumfanyia nini. Umemtumia kitabu? Ulimpigia simu alipofiwa? Ulimjibu alipouliza swali na wengine wote wakanyamaza? Kama hujafanya lolote kati ya hayo, anza hapo, utani utakuja wenyewe.

Dada mmoja wa kundi letu alijifungua katika Hospitali ya Kibagabaga. Aliyefika na mkewe kumpelekea igikoma, ule uji anaopewa mzazi, alikuwa kaka aliyezoea kumtania kila wiki kwamba amekaa ukurasa wa 30 tangu mvua za masika. Aliweka themosi juu ya kabati dogo la kando ya kitanda, akamimina kikombe, akasubiri mzazi anywe mafunda mawili, kisha akamuuliza kwa upole, "Dada, sasa ukurasa wa 31 tutaufikia?" Dada alimwomba anyamaze maana akicheka mshono unauma. Mimi nasema mtu asiye na themosi mkononi asingeweza kusema maneno yale.

Ujio wa mtoto huyo ulitupa namna ya kusherehekea ambayo nawasihi muijaribu. Kwa desturi ya Kinyarwanda, mtoto hupewa jina siku ya nane katika shughuli ya kwita izina, na kabla wazazi hawajatamka jina lenyewe, watoto walioalikwa hula na kila mmoja hupendekeza lake. Sisi tulifanya vivyo hivyo kwenye simu. Kila mtu alileta jina kutoka katika kitabu tulichowahi kusoma, pamoja na sababu. Mmoja alimleta Karama wa *Kusadikika*, kwa kuwa mtoto alilia kama anayejitetea barazani. Mwingine alimleta Yasmin wa *Vuta N'kuvute*, akaonywa papo hapo kwamba Yasmin alitoroka nyumbani kwa mume, mtoto asije akaanza mapema. Wazazi walikuwa na jina lao tayari, na hawakubadilisha. Lakini mama yake aliyahifadhi mapendekezo yote.

Mtanie kwa lipi

Mtanie mtu kwa anachokichagua, na hasa kwa usomaji wake. Hapo pana shamba kubwa. Yupo anayeanza na ukurasa wa mwisho. Yupo anayeazima na kusahau. Yupo anayemtetea kila mhusika mwovu kwa sababu "alilelewa vibaya". Yupo aliyeangalia filamu ya *Vuta N'kuvute*, ile ya Amil Shivji ya mwaka 2021, akaja kuchangia mjadala wa riwaya ya Adam Shafi kwa kujiamini kabisa. Alijulikana pale alipoanza kueleza mwanga wa taa na rangi za nguo. Tulimwandikia kwamba tunaomba ukurasa wenye hiyo rangi. Alicheka, akakiri, na wiki ileile akaazima kitabu.

Ugomvi wa kitabu ni utani wenye afya kuliko wote. Tangu Euphrase Kezilahabi atoe *Kichomi* mwaka 1974, wapenzi wa ushairi wa Kiswahili wamegawanyika: wapo wanaoshikilia vina na mizani kama alivyovipanga Kaluta Amri Abedi katika *Sheria za Kutunga Mashairi* ya mwaka 1954, na wapo wa mashairi huru. Kundini kwetu pande hizi mbili ni kama Simba na Yanga. Mtu wa mashairi huru akiandika salamu za sikukuu, mzee mmoja wa Mombasa huhesabu mizani na kumtumia hesabu ya anazodaiwa. Naye hujibu kwamba atalipa kwa awamu. Wawili hao hawajawahi kukutana ana kwa ana, lakini mmoja alipofiwa na mama yake, mwenzake ndiye aliyeongoza mchango.

Yako mambo ya kuyaacha kabisa. Usiguse asili ya mtu wala kabila lake. Usiguse ukimbizi, mwili, dini, hali ya mfuko, wala ndoa na uzazi. Usimuulize mtu wa hapa "kwenu hasa ni wapi" kwa sauti ya mzaha. Nchi hii imelipa gharama isiyosemeka kwa swali la nani ni nani, na hakuna kicheko kinachostahili kuligusa. Nasisitiza hili kwa ndugu zangu wa Tanzania, ambako utani wa makabila ni salamu ya kila siku kazini na kwenye daladala. Huku uacheni mpakani.

Matamshi ni jambo la kupima. Wanyarwanda wengi tunachanganya *l* na *r*, na kuna wanaoumia wakikosolewa. Lakini tazama lilivyokwenda hili. Kaka mmoja aliandika asubuhi: "Jamani, nimenunua karamu mpya." Rafiki yake wa miaka mingi akajibu: "Tunakuja na sahani." Wa tatu: "Mimi naleta kachumbari." Mwenyewe akamaliza: "Njooni na wino, kila mtu atakula ukurasa wake." Siku hiyo nzima hakuna aliyefanya kazi vizuri. Utani ule ulifaa kwa sababu aliyeanza ni rafiki wa karibu, mwenye karamu ni mtu anayejiamini, na neno lenyewe lilimwachia nafasi ya kujibu. Angekuwa mgeni wa wiki ya kwanza, tungesoma "kalamu" kimoyomoyo na kumuuliza ni ya rangi gani.

Aweze kujibu

Hicho ndicho kipimo changu kikuu. Kabla hujabonyeza kutuma, jiulize: ana la kujibu? Kijembe cha taarabu ya mipasho hutupwa bila jina. Anayelengwa anajijua, waliopo wanamjua, na akijibu amejitaja mwenyewe. Ukumbini kinanoga, na mimi mwenyewe nakipenda hukohuko ukumbini. Kundini ni sumu. "Kuna watu humu huazima vitabu wakadhani wamerithi" ni kijembe. "Kaka, *Utengano* yangu inasemaje? Iambie nimeikumbuka" ni utani: una jina, una kitabu, na una mlango wa kutokea. Atajibu kwamba *Utengano* imekataa kutengana naye.

Maandishi hayana uso, wala hayana ile sauti ya kushuka inayomwambia mtu kwamba unacheza. Kama una shaka, tumia ujumbe wa sauti. Mtu akisikia unavyocheka mwenyewe, nusu ya hofu inaondoka. Usitegemee emoji kuokoa sentensi kali. Sentensi ikihitaji nyuso tano za kucheka ndipo isiumize, ifute.

Utani mmoja unatosha kwa jambo moja. Watu wakianza kurundikana juu ya mtu mmoja, hata kwa nia njema, msimamizi abadilishe mazungumzo kwa swali la kitabu. Mwenzenu akikaa kimya baada ya kutaniwa, usiseme "ana hasira huyo". Mfuate faraghani, umuulize kama umevuka. Akisema ndiyo, omba radhi palepale ulipomtania, mbele ya walewale walioona, kwa mistari miwili isiyo na "lakini". Msamaha wa chemba kwa kosa la hadharani humwacha mwenzako na aibu yake.

Siku yake ikifika

Kwanza, saa. Kigali, Goma na Bujumbura ziko nyuma ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kwa saa moja, na nyuma ya Muscat kwa saa mbili. Wenzetu wa pwani hupenda kuwa wa kwanza usiku wa manane, na matokeo yake dada wa Kibagabaga hupongezwa saa tano usiku wa siku ambayo bado si yake. Fuateni saa ya mwenye siku. Na kwa kweli hakuna haja ya kukimbizana usiku. Pongezi ya saa moja asubuhi, mtu akinywa chai yake, husomwa vizuri zaidi.

Pili, ushahidi. Wiki moja kabla, msimamizi awafuate watu mmoja mmoja na kuwaomba kitu kimoja tu: jambo ambalo mwenye siku aliwahi kulisema kuhusu kitabu, likakufanya usome tofauti. Usikubali "ni mtu mwema sana". Rudini nyuma kwenye mazungumzo, tafuteni kwa jina lake, mtayaona. Kuna mwenzetu aliyetuambia, tukiwa katikati ya riwaya moja, kwamba anasikiliza nani anapika katika kila hadithi na nani anakula. Tangu siku hiyo sisomi ukurasa wa karamu bila kumtafuta mpishi. Nilipomwandikia hivyo siku yake ya kuzaliwa, alijibu kwamba hakumbuki kulisema. Ndivyo ilivyo: watu hawajui wametupa nini mpaka tuwaambie.

Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah aliposhinda Tuzo ya Nobel ya Fasihi, simu zilijaa pongezi. Mwenzetu mzaliwa wa Zanzibar, kama Gurnah, alipokea salamu nyingi utadhani yeye ndiye aliyeandika, na kila aliyempongeza tulimuuliza amesoma kipi. Wengi walikuwa hawajasoma. *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya *Paradise*, ilipotoka mwaka 2022, tuliichukua kama deni, tukaisoma. Pongezi yetu ilikamilika hapo.

Tatu, mtungieni. Rwanda ni nchi ya sifa: kuna ibyivugo, majigambo ya shujaa kujitaja mwenyewe, na kuna amazina y'inka, ambamo hata ng'ombe hutungiwa utenzi wa kumtukuza. Sisi wa Kiswahili tuna shairi la beti. Huhitaji kuwa malenga. Ubeti mmoja wa mistari minne, kila mstari mizani 16, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho vikiwa vimeshikamana, unatosha. Huu tulimtungia yule dada wa igikoma:

*Dada yetu msomaji, leo ni siku ya kwako,*
*Umekuwa mfariji, kwa hizo hadithi zako,*
*Kitabu we mkopaji, kirudishe kwa mwenzako,*
*Nasi twamwomba Mpaji, aijaze nyumba yako.*

Angalia utani umekaa wapi. Mstari wa kwanza unamwita, wa pili unamsifu, wa tatu unamchokoza, wa nne unamwombea. Ukianza na uchokozi, sifa inayofuata huonekana ya kufidia. Ukimaliza na uchokozi, ndio anaoondoka nao. Uweke katikati, ukumbatiwe pande zote. Na mwacheni mzee wa Mombasa ahesabu mizani, hiyo ndiyo zawadi yake.

Kuhusu mchango sina maneno mengi. Kutuma pesa kwa simu, kwa MoMo, ni rahisi, na orodha ya majina yenye kiasi mbele ya kila jina imezoeleka, lakini inawatia aibu wasio nacho, na mtu aliyetiwa aibu haandiki tena. Mchango uende kwa mtu mmoja kimyakimya, na zawadi iwe kitabu. Ndani ya jalada waandikeni majina wote, aliyetoa na asiyetoa.

Mkiweza kukutana, kutaneni. Kwa Kigali epukeni Jumamosi ya mwisho ya mwezi asubuhi, kwa kuwa ni umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, kuanzia saa mbili hadi saa tano. Mchana wake ni mzuri sana: watu wameshatoka, wamechoka kidogo, na wana njaa. Ndizi na parachichi hununuliwa soko la Kimironko, hapo chini tu, brosheti za mbuzi hazikosekani, na wa mbali hupigiwa simu ikawekwa katikati ya meza. Kila mmoja asome aya moja ambayo mwenye siku aliwahi kuisifia. Asome kwa sauti, bila haraka, hata kama anakwama.

Siku za kunyamaza

Tarehe 7 Aprili Rwanda huanza kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Wiki hiyo ya kwanza, hadi tarehe 13, si wiki ya sherehe. Wanaokaa mbali husahau, na si kwa ubaya. Msimamizi awakumbushe mapema kwa ujumbe mfupi: hakuna utani, hakuna muziki, hakuna stika za kucheza.

Je, aliyezaliwa siku hizo? Msimwamulie. Mtu mmoja aliye karibu naye amuulize faraghani, tena kabla ya Aprili. Wapo wanaotaka siku yao isogezwe mwezi wa tano, na wakisogezewa iwe kamili, na ubeti wake na kitabu chake, isiwe ya kulipia deni. Wapo ambao siku yao haisogezeki, kwa sababu ni siku hiyohiyo waliyopoteza watu wao, na hawataki itajwe kabisa. Kwa hao kinachofaa ni ujumbe wa mtu mmoja kwa mtu mmoja: "Nakukumbuka leo. Nipo." Usiongeze kitu.

Mwenzenu akifiwa wakati wowote wa mwaka, utani usimame hadi yeye mwenyewe auanzishe. Ataanza. Siku atakapouliza *Utengano* yake iko wapi, mjibuni harakaharaka.

Na baada ya siku za kunyamaza, iko siku ya kufungua mdomo: Siku ya Kiswahili Duniani, inayoadhimishwa kila tarehe 7 Julai, tangu UNESCO ilipoitangaza mwaka 2021. Ni siku nzuri ya kumsherehekea msomaji mmoja ambaye hana sikukuu yoyote siku hiyo. Nawaomba mchague yule anayefungua kila ujumbe na hajawahi kuandika neno. Mwandikieni kwa jina, mwambieni mnajua yupo, muulizeni kitabu kimoja alichokipenda, kisha msubirini ajibu kwa wakati wake.